Mwalimu wa Chumba cha Mkeka

Siku Zuwena aliposoma sura ndefu ya Kurani kwa ghibu mbele ya wazazi, bila karatasi mkononi na bila kukosa hata herufi, ukumbi mzima wa skuli ulisema mtoto kapona. Mtu mmoja tu alisimama akasema hajapona, naye alikuwa Mwalimu. Alilisema hilo kwenye kipaza sauti, wakati mama wa Zuwena amekaa safu ya mbele na machozi ya furaha hayajamkauka. Baada ya siku ile, kwa wiki kadhaa, sikumsikia mtu mtaani kwetu akimtaja Mwalimu kwa wema.

Mimi ni jirani yake. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinajulikana kwa wembamba, na dirisha lake la jikoni linatazamana na langu kiasi kwamba kitunguu kikimuungulia, mimi ndiye ninayepiga chafya. Kwa kazi, nimekuwa mwandishi wa habari wa redio muda mrefu, na kazi hiyo imenizoesha kutoandika jambo mpaka nimelishuhudia au nimeelezwa na aliyelishuhudia. Haya ninayoyaeleza ni ya namna hiyo.

Mwalimu alisomesha biolojia miaka mingi. Wenzake wa rika lake walipoanza kuhesabu siku za kustaafu, yeye alirudi kusoma elimu mjumuisho, yaani namna ya kuwasomesha pamoja watoto wenye mahitaji tofauti. Aliporejea aliomba chumba. Hedimasta alimpa stoo ya chini, iliyokuwa ikiwekwa viti vilivyovunjika miguu. Akavitoa, akapaka chokaa, akatundika kanga dirishani ili jua lisiingie kwa ukali, akatandika mkeka. Tangu hapo chumba kikaitwa chumba cha mkeka, na yeye akaitwa hivyohivyo, mwalimu wa chumba cha mkeka.

Wanafunzi wake hawakuwa wengi. Walikuwa watoto waliozaliwa wazima, wakasoma kama wenzao, kisha kichwa kikapata ajali: aliyeanguka mnazini, aliyegongwa, ambaye homa ilimpanda kichwani akaamka mtu mwingine. Aliudhika sana watu walipowachanganya na watoto waliozaliwa na ulemavu. Hakuwa na dharau kwa wale wengine. Alikuwa na sababu yake.

"Hawa wanakumbuka walivyokuwa," aliniambia. "Mtoto alikuwa wa tatu darasani, leo hajui daftari lake liko wapi, na anajua kwamba zamani alikuwa anajua. Hilo ndilo linalomfanya apige meza."

Kilichomkera zaidi ni kwamba jeraha lenyewe halionekani. Mkono ukivunjika, alisema, watoto wanagombania kukubebea mkoba. Kichwa kikivunjika wanakucheka, na wakubwa wanasema huna adabu. Katika skuli yetu mwalimu akiingia darasani wanafunzi wote husimama na kumwamkia kwa sauti moja. Mtoto aliyeumia kichwa hubaki amekaa, kwa sababu kelele ile imemkata fikra, na kabla hajajua afanye nini wenzake wameshakaa. Siku moja niliyokwenda kumtembelea, nimeona mwenyewe mtoto akitolewa nje kwa kosa hilo. Mwalimu alimfuata, akamshika mkono, akarudi naye mpaka mlangoni. Mwalimu wa zamu alitaka kujua mtoto huyu heshima kaiacha wapi.

"Heshima anayo," Mwalimu alisema. "Inakuja nyuma yake, inatembea polepole. Msubiri."

Akasubiri. Darasa zima likasubiri. Mtoto akasema, "Shikamoo, Mwalimu," na darasa likaangua kicheko, lakini cha kufurahi.

Walimu wengine walikiita chumba chake gesti, kwa sababu ya ule mkeka. Aliwalaza watoto kabla hawajachoka, na hili hawakulielewa. Mtoto anacheka, anaandika vizuri, ghafla anaambiwa weka kalamu ulale kidogo. Mwalimu wa hesabu, mtu wa mzaha, alikuwa akichungulia mlangoni.

"Bi Mwalimu, gesti leo ina nafasi?"

"Nafasi ipo, lakini wewe miguu itatokea nje, tutakanyagana."

"Basi nipe hata mto."

"Mto nimempa anayefanya kazi."

Baadaye alinieleza kwamba kichwa kilichoumia hakitoi ishara kinapokaribia mwisho. Ukisubiri mtoto aseme nimechoka, umeshapoteza siku yake ya leo na nusu ya kesho. Mwalimu wa hesabu hakuacha mzaha wake, lakini niligundua kwamba vipindi vyake alivihamisha vyote asubuhi, kabla ya mapumziko, kwa ajili ya watoto wale. Hakumwambia mtu.

Alikuwa mtu wa mambo yanayopingana. Darajani sokoni sauti yake ilivuka mabanda mawili. Akimbana muuza samaki bei, watu walisimama kutazama. Chumbani kwake alinong'ona, na alivaa viatu vya kitambaa kwa sababu ndara zinapiga sakafu. Alichukia uchelewaji kuliko uongo, lakini miwani yake ilikuwa inapotea kila siku. "Miwani yangu iko wapi, jamani?" Watoto humwonesha kwa furaha, kwani iko kwenye paji la uso. Katika chumba kile, kwa dakika chache, wao ndio wanaokumbuka na mkubwa ndiye aliyesahau. Nilimuuliza kama anafanya makusudi.

"Mara nyingine," alisema. "Mara nyingine nimeipoteza kweli."

Alipokuwa mwalimu wa biolojia alikuwa na msemo mmoja, kosea ujifunze, na wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye ndevu, bado wanamtania nao. Kwenye chumba cha mkeka aliugeuza kabisa. Hakumruhusu mtoto akisie. Akiona mtoto anasitasita alimpa jibu papo hapo, akamwomba alirudie, akampa tena baada ya muda. Kwa watoto hawa, alisema, kosa linashika kuliko jibu; ukimwacha akisie vibaya, kesho atakumbuka lile alilolikisia. Nikamuuliza kama haoni aibu kuwageuka wanafunzi wa zamani wenye ndevu. Akasema wale walikuwa na vichwa vya kuchezea.

Zuwena alikuja kwake akiwa darasa la sita. Alikuwa amepanda nyuma ya vespa ya mjomba wake, njia ya Paje, gari la ng'ombe likatoka kichochoroni bila taa wakati wa magharibi. Mjomba alivunjika mguu. Zuwena aliangukia kichwa, akalala hospitali muda mrefu, na alipotoka nywele zilikuwa zimeota, ushungi umefunika kovu, na mwendo wake ni uleule. Kwao ni Bwejuu, ambako mama yake analima mwani, lakini tangu mdogo anakaa hapa mtaani kwetu kwa mama yake mdogo ili asome mjini. Kila mtu aliyemwona alimshukuru Mungu na kumrudisha katika ratiba yake yote: asubuhi skuli, alasiri chuoni kusoma Kurani kwa Ustadhi.

Alipotea wiki ya kwanza. Mtoto aliyekulia katika vichochoro hivi alikutwa karibu na bandari, analia, hajui njia ya nyumbani. Mwalimu hakumchorea ramani wala kumfundisha kulia na kushoto. Alimsindikiza kila siku mpaka kwenye kona ya mwisho, ile yenye duka la kahawa, akamwacha amalizie mwenyewe hatua chache zilizobaki mpaka mlangoni. Alipoizoea, akamwacha kona moja nyuma zaidi, penye mlango wa misumari ya shaba. Kisha nyuma ya hapo. Kila siku Zuwena alimaliza safari akiwa ameshinda. Nilikuwa nikiwaona kutoka dirishani: mwanamke mnene katika buibui amesimama kwenye kona anajifanya anatafuta kitu mkobani, na msichana anakwenda bila kugeuka.

Chuoni mambo yalikuwa mengine. Ustadhi ni mtu mwadilifu na hana fimbo, lakini hakuweza kuelewa. Zuwena alikuwa hodari wa kuhifadhi kabla ya ajali, fahari ya chuo, na yale aliyoyahifadhi zamani yalikuwa yamekaa palepale, safi kabisa. Ungemwambia anza, angeanza, na asingekosea mpaka mwisho. Lakini somo la leo likifika jioni halipo. Na skuli, jedwali la saba la kuzidisha, ambalo hata kabla ya ajali hakuwahi kulishika, halikuingia kabisa.

"Bi Mwalimu," Ustadhi alimwambia barazani kwangu, mimi nikimimina kahawa, "mtoto anayesoma vile kwa ghibu atashindwaje na saba mara nane?"

"Ustadhi, wewe unapima ghala. Ghala limejaa, halikuungua. Kilichovunjika ni mlango wa kuingizia."

"Basi anafanya uvivu mlangoni."

"Haya. Sawa."

Mwalimu akisema sawa, ujue hajakubali.

Hii ndiyo ilikuwa hatari aliyoiona mapema kuliko sote. Kwetu, mtoto akisoma vizuri kwa ghibu hatuulizi tena habari ya akili yake. Ndicho kipimo tulicholelewa nacho. Kama watu wangeamini Zuwena kapona, angeondolewa chumba cha mkeka, angerudishwa darasa lenye watoto wamebanana watatu kwenye dawati moja, asubuhi mpaka jioni, na baada ya muda si mrefu angefeli, na mtoto wa kike akifeli mara mbili watu wanaanza kuzungumzia mambo mengine. Mwalimu alitaka Zuwena abaki skuli. Hakuwa na azma nyingine kuhusu mtoto yule, na hakuwahi kuificha.

Ndipo ikaja hafla ya kufunga mwaka. Zuwena akasoma. Alipomaliza watu walisema mashallah kwa sauti moja, Ustadhi akainamisha kichwa, mama mtu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Hedimasta, aliyejawa na furaha ya kweli, akachukua kipaza sauti: "Wazazi, huyu ndiye yule binti wa ajali. Mmemsikia. Alhamdulillahi kapona, na muhula ujao anarudi na wenzake, ratiba kamili."

Mwalimu akapanda jukwaani. Akaomba kipaza sauti. "Hajapona, Hedimasta." Kisha akamgeukia msichana, kwa sauti ile ya chumbani. "Zuwena, mwanangu, kabla yako hapa alisimama nani?"

Kabla yake walikuwa wamesimama wavulana wa kasida, wakiimba na kupiga madufu yao, dakika chache tu zilizopita. Zuwena alitazama mbele. Alitazama mikono yake. Akasema, "Sijui, Mwalimu." Halafu akacheka, kicheko kirefu kisicho mahali pake, ambacho ni sehemu ya maradhi yenyewe, na watoto wa nyuma wakacheka naye. Mama yake aliinuka, akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa sahihi. Hedimasta aliielewa palepale. Niliona uso wake, na habari ya ratiba kamili hakuitaja tena. Lakini namna alivyoitoa ilikuwa mbaya, na yeye, ambaye miaka yote alikuwa akipigania watoto hawa wasichekwe, ndiye aliyemchekesha mmoja wao mbele ya skuli nzima.

Kesho yake alinigongea dirisha.

"Nnakwenda Bwejuu. Utanisindikiza?"

"Unakwenda kueleza?"

"Nshaeleza jana. Nnakwenda kuomba radhi."

Tulimkuta mama wa Zuwena uani, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, na Zuwena amelala ndani. Hakusimama. Aliitikia salamu kama inavyopasa, akatuonesha pa kukaa, akaendelea kufunga. Mwalimu hakuanza hotuba. Alivuta kamba moja, akaanza kufunga naye, akafunga vibaya, fundo likafunguka.

"Siyo hivyo," mama mtu alisema. "Ukikaza sana unaukata. Ukilegeza unaondoka na maji."

"Nioneshe."

Akamwonesha. Walifunga kamba nzima hivyo. Kisha mama akasema, bila kuinua macho:

"Mwanangu unamjua, Bi Mwalimu. Nakubali unamjua kuliko sie. Lakini aibu yake haikuwa yako kuigawa."

"Kweli. Nisamehe."

"Ungeniuliza mie kwanza, ningekwambia. Unadhani sijui? Namtuma dukani chumvi, anarudi na mkono mtupu anauliza kwani kuna nini. Mie ndiye wa kwanza kujua. Jana nilitaka siku moja tu nisijue."

Mwalimu alivuta kamba nyingine, akaendelea kufunga naye.

Ni yule mama, siyo Mwalimu, aliyemgeuza Ustadhi. Alikuja mjini skuli zilipofunguliwa, akaenda chuoni, akamwomba jambo moja: amfundishe Zuwena aya chache ambazo hakuwahi kuzisoma kabla ya ajali, fupi kabisa, kisha amuulize baada ya sala ya alasiri. Ustadhi akafanya. Baada ya sala Zuwena hakuwa na hata moja, na hakukumbuka kwamba alifundishwa. Ustadhi alikuja mwenyewe chumba cha mkeka siku ya pili, akavua viatu mlangoni, akauliza anong'one kwa kiasi gani. Tangu hapo Zuwena alikwenda chuoni mara mbili tu kwa wiki, akisoma mstari mmoja mpya na mengi ya zamani, ili atoke pale akiwa mtu anayejua.

Naye Mwalimu alibadilika, ingawa alikataa kwamba kabadilika. Alikuwa na tabia ya kuwazuia watoto wake na kila chenye kelele, harusi, netiboli, maulidi. Zuwena alipofika Kidato cha Kwanza alimwambia mbele yangu, "Mwalimu, harusi ya binamu yangu nnakwenda. Nitakaa karibu na mlango, ngoma ikizidi natoka. Usinizuie." Mwalimu akamweka vizuri ushungi. "Nenda. Uniletee biriani." Zuwena alikwenda, akakaa mlangoni, akatoka ngoma ilipozidi, na biriani akaisahau.

Mwalimu alistaafu mwaka jana na kuhamia Fumba, kwa mwanawe, kwenye zile nyumba mpya. Chumba cha mkeka kinashikwa na kijana aliyesomeshwa na Mwalimu mwenyewe. Juzi nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta kwenye roshani safi isiyo na jirani wa kumpigia chafya, na amechoshwa na ukimya, yeye aliyeutafuta ukimya maisha yake yote.

"Hapa hata muuza samaki anakuja na bei yake kaiandika," alilalamika. "Nitazungumza na nani?"

Zuwena alikuwepo. Sasa ni mrefu kuliko Mwalimu, amekaa mkekani, ule mkeka wa skuli. Mwalimu aliinunulia skuli mwingine, wa zamani akaondoka nao. Jumatatu Zuwena anaanza mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili. Ameombewa afanye peke yake katika chumba kisicho na kelele, na aongezewe muda, kwani katika ukumbi wenye watu wote wale kichwa chake kitafunga kabla ya ukurasa wa pili. Ombi limekwenda juu, kwa wakubwa wa mitihani, tangu zamani. Safari hii aliyesimama mbele ya Hedimasta kulieleza hakuwa Mwalimu. Zuwena alikwenda mwenyewe na mama yake.

"Ulimwambiaje?" nilimuuliza.

"Nilimwambia kichwa changu kina mlango mmoja. Wakija watu wawili kwa pamoja wanakwama, hakuna anayeingia. Akija mmojammoja, wote wanaingia, ila foleni inakuwa ndefu."

"Na yeye?"

"Akacheka. Akasema hata ofisi yake iko hivyohivyo."

Mwalimu alikuwa akipekua chini ya mito ya kochi. "Miwani yangu iko wapi?"

Zuwena alimtazama. Haikuwa kwenye paji la uso. Akafikiri, hakukisia, akachukua muda wake wote, na sote wawili tukamwacha. "Jikoni," alisema. "Uliivua ulipofungua sufuria, mvuke ukaingia. Iko juu ya friji."

Nilikwenda kutazama. Ilikuwa juu ya friji. Niliporudi nayo Mwalimu alikuwa amegeuka, anatazama nje upande wa bahari, na hakuivaa mara moja.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza Zuwena kuhusu jibu la ombi. Alisema halijafika. Hedimasta amepiga simu mara kadhaa, kila mara anaambiwa linashughulikiwa. Amekwisha kuweka meza na kiti katika chumba cha mkeka, kanga ikiwa dirishani, na katika ukumbi mkubwa pia namba ya Zuwena imebandikwa kwenye dawati kama ya wengine. Amemwambia Jumatatu awahi, na apitie kwanza ofisini, kwa sababu bado hajui atampeleka chumba kipi.